Hodi Kwenye Pango la Watawa

Waliosema sifiki

Aliyeanza ni Ami Mbarak. Tulikuwa tumekaa barazani kwake, ndani ya ukuta wa Maskati, kahawa imeshazunguka mara mbili, nami nikasema kwamba nakwenda milima ya Nepali kumtafuta shemegi yangu Khelef.

"Wewe?" aliuliza Ami Mbarak, kikombe hakijafika mdomoni. "Nizwa hapo hujafika, utafika Nepali?"

"Atafika Matrah hapa jirani," alisema Said Tumbo. "Atakula halua, atalala, kesho atarudi atwambie Nepali kuna halua nzuri sana."

Hamedi fundi saa hakucheka. Yeye hutisha kwa upole. "Yakhe, kule baridi inapasua mawe. Na wewe ukioga maji ya mtungi tunakusikia mtaa wa pili."

Sasa nimekwenda na nimerudi, na kila ninayekutana naye ananikamata mkono nimsimulie, tena nianze upya kwa ajili yake. Basi naandika mara moja. Someni, mpeane.

Mnanijua. Nilitoka Unguja mwaka wa sitini na nne na kanzu niliyovaa. Bahreni nilianza kwa kuwashikia wapimaji mnyororo juani, jioni nikasoma, leo nina diploma ya upimaji ardhi, na hakuna mtu aliyenisaidia hata kununua penseli. Maskati mnaniita Bwana Diploma kwa kejeli. Mimi naitika.

Sikwenda kutembea. Nilikwenda kwa ajili ya mdogo wangu Zuhura. Mumewe, Khelef, alikuwa mfanyabiashara wa manukato. Alitoka kwenda Bombei kununua miski, akasikia kwamba miski ya kweli inatoka milimani, akaifuata. Baharia mmoja alileta habari kwamba Khelef ameugua huko juu, na watawa wa Kibudha wamemchukua pangoni mwao. Baada ya hapo kimya, miaka. Kadhi akasema hawezi kumhukumia mtu kifo kwa uvumi wa baharia. Aletewe habari ya mtu aliyefika.

Nilikwenda kumwona Zuhura nyumbani kwake Sidab. Alikuwa anachambua mchele.

"Kaka, mimi si mke, si kizuka," alisema bila ya kuinua macho. "Nikipaka wanja wanauliza nampakia nani. Nisipopaka wanasema namlilia mume yuko hai. Nnataka unitazamie kitu kimoja tu. Nijue nivae nini."

Hilo ndilo lililonitoa Maskati.

Na wale walionicheka? Watu wa kwetu ndivyo walivyo: mdomo unakucheka, mkono unakupa. Ami Mbarak aliniazima koti lake zito la sufi alilolinunua Uingereza enzi za ubaharia. Said Tumbo akaniazima buti. Hamedi akaniazima chupa yake ya chai, akaiaga kama mtoto. Zuhura alikuwa wa mwisho. Alitoa kijaluba cha fedha kilichojaa udi wake.

Nyie wanaume hamjui, lakini wake zenu wanajua: kila mwanamke wa Kiunguja ana udi wake, anaupika kwa kipimo chake cha sukari na mawardi na ambari, na hakuna wa pili unaonukia hivyo. Siku ya harusi Zuhura alikuwa na vijaluba viwili. Kimoja aliondoka nacho Khelef.

"Sikupi, nakuazima," alisema. "Ukimkuta hai, mfukize, akumbuke kwake. Ukikuta kaburi, nirudishie, nitajifukiza siku ya kutoka eda."

Nikakitia mfuko wa ndani wa koti, nikatoka mjini kabla mzinga wa usiku haujalia na malango ya mji hayajafungwa.

Matrah mpaka Bombei

Meli ilituweka bandari ya Gwadar kutwa nzima kwa sababu ya mbuzi. Mwenye mbuzi alitaka washuke kwanza, wenye meli walitaka abiria washuke kwanza, na mbuzi wenyewe hawakutaka kushuka kabisa. Sisi wa sitahani tulikaa juani tukitazama.

Mpishi alikuwa Mgoa mnene, mchache wa maneno. Alipogawa chakula, kila mtu alipata sahani moja ya wali na papa. Mimi akanipa mbili. Moja mkononi, moja akaiweka sakafuni ubavuni pangu. Nilidhani ni heshima. Nilikuwa nimeifunga diploma yangu kwa nailoni na kuiweka juu ya mzigo, mahali pa kuonekana, na mtu aliyesoma hujulikana hata na mpishi. Nikamshukuru, nikala zote mbili. Mgoa alinitazama nikila ile ya pili kama mtu anayemwona mwenzake anaiba sadaka msikitini.

Bombei nilikwenda moja kwa moja soko la manukato, kwa Karimbhai, ambaye Khelef alikuwa akifanya naye biashara. Duka lake lina upana wa mlango. Alikuwa ameinama anajaza vichupa, miwani puani, na mimi sijasema neno. Nilisimama tu mbele yake na lile koti.

"Khelef," alisema kwa Kihindustani, bado ameinama. "Umechelewa sana."

Kisha akainua kichwa, akaniona mimi, na mafuta yakamwagika mezani.

Alinikalisha, akaniagizia chai. Akanieleza kwamba mtu wa kazi yake hutambua watu kwa pua kabla ya macho, na harufu iliyoingia dukani ilikuwa ya Khelef na si ya mtu mwingine. Nikamtolea kijaluba. Akakinusa kwa muda mrefu, akanirudishia, lakini hakutulia. Kila mara alitazama nyuma yangu, pale mlangoni.

"Alikwenda Katmandu kwa Haji Ghulam, muuza miski," alisema. "Zaidi ya hapo sijui. Nenda mchana, bwana. Njia ile nenda mchana."

Treni ya kaskazini

Hindustani yangu niliisomea katika sinema za Unguja, na naisema vizuri kuliko Wahindi wengi. Ila sinema hazimfundishi mtu kuzungumza na mkaguzi wa tiketi. Nilipomwuliza maji yanapatikana wapi, nilitumia maneno ambayo shujaa humwambia mpenzi wake wamesimama mvuani. Behewa zima lilikufa kwa kicheko. Mkaguzi alishika moyo, akaniinamia, akasema kwamba hata yeye amenisubiri maisha yake yote, kisha akaenda kuniletea maji.

Treni ile ilijaa hata hewa haina pa kukaa. Watu walining'inia milangoni, watoto walilala juu ya masanduku. Lakini benchi langu, ubavuni pangu, palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na hakuna aliyekaa. Mzee mmoja alikuja na fimbo yake, akaitazama ile nafasi, akasema "Samahani" na kusimama. Muuza chai akapita dirishani, akanipa kikombe changu cha udongo, kisha akaweka kingine pale patupu.

"Nimeagiza kimoja," nikamwambia.

"Ndiyo, sahib," akasema. Akachukua pesa ya kimoja, akaenda zake.

Nikajiambia ni lile koti. Koti la Kiingereza humpa mtu ukubwa. Nikanyoosha miguu nikalala, na niseme kweli, ilikuwa raha.

Tulikwama siku mbili katika uwanda mtupu kwa sababu mafuriko yalikula reli. Abiria walishuka wakawasha moto na kupika. Mama mmoja wa Kihindu alinipa mkate na kachumbari ya maembe iliyonitoa machozi. Yeye pia alinikunjia mikate miwili, kila mmoja katika jani lake.

Katmandu na kupanda

Haji Ghulam alikuwa mzee wa asili ya Kashmiri, ndevu nyekundu kwa hina, duka lake linanukia kama peponi. Alimkumbuka Khelef. Alisema alimkataza kupanda karibu na msimu wa theluji, Khelef akacheka akapanda. Akanipa mtu wake anionyeshe njia: Rahim, Muislamu wa hapo hapo, mtu wa makamo, mwenye kujua lugha ya milimani na mwenye kutafuna karafuu mfululizo. Nikamwambia karafuu hizo zinatoka kwetu. Akasema basi watu wa kwetu wana deni lake la meno mawili.

Lori lilitufikisha palipoporomoka mlima, na hapo barabara ikaisha. Kuanzia hapo ni miguu. Mimi nimepima ardhi Bahreni, na Bahreni ni sinia. Nilimwambia Rahim, kwa macho ya kitaalamu, kwamba ule mlima tutaumaliza kabla ya adhuhuri. Tulilala njiani mara mbili. Chakula kilikuwa wali na dengu na figili kali, asubuhi na jioni, na kila mwenyeji aliyetupa aliona haya kwamba hana zaidi.

Kadiri tulivyopanda, sauti zilipungua. Mwanzo jogoo waliisha, kisha mbwa, kisha hata upepo. Ukikohoa, mlima wa pili unakohoa.

Katika nyumba ya mwisho kabla ya kijiji tulikaribishwa na bibi kizee. Alituketisha jikoni karibu na moto, akatia chai ya chumvi na siagi. Nilitafuta sukari kwa macho, sikuiona, nikanywa. Aliweka kikombe cha Rahim, cha kwangu, na kingine upande wangu wa kushoto. Kisha akasema neno, akionyesha mlango.

Rahim aliacha kutafuna.

"Anasema nini?" nikamwuliza.

"Anasema mwambie mwenzako aingie akae. Asisimame mlangoni na baridi hii."

"Mwenzangu gani?"

"Nimemwambia hivyo hivyo. Anasema, huyo mwenye kofia nyeupe ya matundumatundu."

Nilikuwa nimefunga kilemba cha sufi mpaka masikioni. Kofia yangu ya Kiunguja ilikuwa Maskati, kwenye msumari. Mlangoni palikuwa na mwanga wa jioni na hakuna kitu kingine.

Nikasoma Ayatul Kursiyyi kimoyomoyo, kisha nikaisoma kwa sauti. Bibi kizee akatingisha kichwa taratibu, kama mtu anayesikia maneno aliyowahi kuyasikia. Nikakumbuka sahani ya Mgoa, na kikombe cha udongo, na nafasi ile kwenye benchi, na nikajua kwamba diploma yangu haikuhusika hata kidogo.

Pangoni

Asubuhi tukafika. Jabali limesimama wima kama ukuta wa ngome, nyumba nyeupe zimebandikwa humo kama viota vya mbayuwayu, na katikati pango limefunua kinywa. Njia inapita ukingoni. Chini mto unaonekana kama uzi na sauti yake haifiki. Kijiji kiko mbali kidogo na pango, na chote kilikuwa mashambani kuvuna shayiri. Hatukukuta mtu. Bendera za vitambaa zimening'inia, hazitikisiki.

Rahim alisimama mbali. "Ingia wewe. Khelef ni wa kwenu."

Sasa nawauliza, nyie mngefanya nini? Mtu wa kwetu haingii mahali pa watu kimya kimya, hata pawe pango, hata pawe pa watu wa dini nyingine. Unapiga hodi mara tatu. Usipojibiwa unarudi zako, huna haki. Nilisimama kwenye kinywa cha pango, nikakohoa, nikaita.

"Hodi!"

Jabali likanirudishia: hodi, hodi, odi.

"Hodi!"

Likarudisha tena.

"Hodi jamani!"

"Karibu."

Haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti ya mtu aliye chumba cha ndani, anayefanya kitu kingine kwa mikono yake. Karibu ya kwetu, ya Unguja, ile ya kuvuta mwisho kidogo.

Niligeuka kumtazama Rahim. Alikuwa amesharudi nyuma hatua tatu. Naye kaisikia.

Mimi ni mtu niliyesoma. Najua sauti hupiga mwamba ikarudi, na naweza kukuchorea jinsi inavyorudi. Lakini mwamba hurudisha ulichosema. Haujibu.

Hata hivyo nilikuwa nimekaribishwa, na aliyekaribishwa akiondoka anamtukana mwenye nyumba. Nikavua buti za Said Tumbo, nikaingia.

Kitu cha kwanza kilikuwa harufu. Udi wa Zuhura, si wa mfukoni mwangu, huo nilishauzoea hata siusikii tena. Huu ulikuwa wa moto, kana kwamba umetiwa chetezoni sasa hivi. Taa za samli zilikuwa zinawaka mbele ya sanamu kubwa lililokaa kitako, macho nusu wazi, linatabasamu kama linajua siri ya mtu. Sikulitazama mara mbili. Ndani zaidi palikuwa na chumba kidogo kilichochongwa mwambani. Humo: busati, juu yake kanzu iliyokunjwa, na juu ya kanzu kofia nyeupe ya matundumatundu. Mbele yake bakuli la mti lenye unga wa shayiri uliokaangwa na kukandwa kwa siagi, safi, wa leo.

"Khelef," nikasema. "Mimi Nassor."

Kimya. Nikakaa kitako. Nilikuwa na njaa, nimeambiwa karibu, na chakula kiko mbele yangu. Kwetu ukikaribishwa huulizi chakula cha nani. Nikasema bismillahi, nikala. Nikala mpaka nikafuta bakuli kwa kidole.

Niliposikia hatua nilitoka mbio. Alikuwa mtawa mzee anapanda njia, kanzu yake nyekundu imepauka, mzigo wa shayiri mgongoni, anahema. Rahim akamwuliza pangoni kuna nani. Mzee akasema hakuna. Wote wako shambani tangu alfajiri, na yeye ndiye wa kwanza kurudi.

Kisha akaona bakuli tupu mkononi mwangu. Mzigo ukamwanguka.

Bakuli

Tulikaa nje, kwenye jua, kwa sababu mimi sikutaka kurudi ndani kwa sasa. Mzee akasema, Rahim akafasiri.

Khelef aliletwa akiwa na homa na kifua. Njia ikafungwa na theluji, na yeye mzee ndiye aliyemlea. Alikuwa mgonjwa mwenye adabu za ajabu. Kila mtu aliyemletea maji alimtaka aite neno moja mlangoni, naye ajibu neno jingine, ndipo aingie. Mzee akayatamka kwa ulimi wake mzito: hodi, karibu. Mlango wenyewe haukuwapo. Palikuwa na pango tu. Alipoona anakufa, aliomba asichomwe moto kama wao wanavyofanya. Aoshwe, avikwe nguo nyeupe, alazwe ubavu wa kulia ardhini, uso uelekee anakoonyesha kwa kidole.

"Na kidole alikielekeza wapi?" nikauliza.

Mzee akanyoosha mkono upande linakotua jua. Palikuwa na kaburi juu ya kijibustani, ukingoni, tuta la mawe lililopangwa vizuri.

"Na bakuli?"

Mzee alisema kwa kirefu, macho kwenye bakuli. Rahim akasogea mbali nami kidogo, ndipo akafasiri.

"Anasema kwao mtu akifia ugenini hawamwachi aondoke na njaa. Kila asubuhi huwekewa chakula, mpaka aje mtu wa kwao akile badala yake. Kikishaliwa, mwenyewe huenda zake. Anasema wamemwekea tangu siku ile. Hakuja mtu."

 Nilikuwa nimekula chakula cha maiti. Nilitaka kutapika na nikaona haya kutapika mbele ya mzee yule, maana alikuwa analia, na alikuwa analia kwa furaha. Alinishika viganja vyote viwili akavitia kwenye paji la uso wake.

Nikamtolea diploma yangu. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka ajue ni mtu gani aliyekula. Aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama juu chini, akaigusisha kichwani mwake kama tunavyofanya sisi na msahafu. Hiyo ni heshima ambayo Maskati hamjanipa mpaka leo.

Yeye akaniletea kijaluba. Pacha wa kile cha mfukoni mwangu. Nilikifungua: kitupu, kimekauka, hata chembe hamna. Alisema udi uliisha siku za mwisho za mgonjwa, alipoomba afukizwe.

Sikumwuliza basi kilichokuwa kinanukia pangoni asubuhi ile ni nini. Kuna maswali ambayo mtu aliyesoma hujua kuyaacha.

Hodi ya pili

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kaburini na dira yangu. Nilipima mara mbili. Watawa wale walikuwa wamemlaza Khelef kuelekea kibla bila ya kosa. Nikamsomea Yasini, Rahim akaitikia, na wale watu wa kijiji waliosimama nyuma yetu wakavua kofia zao.

Kisha nikapanda pangoni peke yangu. Lile bakuli lilikuwa limefunikwa kifudifudi mlangoni. Nikasimama palepale pa jana.

"Hodi!"

Hodi, odi.

"Hodi!"

Hodi, odi.

Mara ya tatu nilimwita mwenyewe. "Hodi, shemegi!"

Jabali lilirudisha maneno yangu moja baada ya moja, mpaka likayamaliza. Nilingoja zaidi kuliko inavyotakiwa. Hakuna aliyejibu. Na mtu asiyejibiwa mara ya tatu anajua adabu yake. Niligeuka nikashuka, na nilishuka haraka, kwa sababu mawingu yalikuwa yanakusanyika na mvua ya kule haina mchezo.

Bibi kizee alitutilia chai. Cha Rahim, cha kwangu. Basi. Nilitazama upande wangu wa kushoto kama mtu aliyepoteza kitu. Treni ya kurudi, bwana mmoja mwenye gunia la vitunguu alikaa ubavuni pangu kabla sijakaa mimi mwenyewe, akanilalia begani mpaka Bombei. Melini, Mgoa yuleyule akanipa sahani moja ya wali na papa, hakunitazama. Diploma ilikuwa palepale juu ya mzigo.

Sidab

Kadhi nilimpa kaburi, majina ya waliomwosha, na dira. Yale mengine ni yenu nyie marafiki. Aliuliza juu ya dira mara mbili, akaridhika. Wanazuoni wakakhitalifiana: mmoja akasema eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, kwa hiyo ya Zuhura ilishapita, mwingine akasema ni tangu siku ya habari.

Zuhura nilimweleza yote. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, anasikiliza na mikono juu ya magoti.

"Ulipiga hodi ya pili?"

"Nilipiga. Mara tatu."

"Hakuitikia?"

"Hakuitikia."

"Basi," alisema. "Wao na wakhitalifiane. Mimi nakaa." Akainuka akafungua sanduku, akatoa nguo nyeupe.

Wakati yeye amekaa eda, mimi nilirudisha vitu vya watu. Buti za Said Tumbo zilikuwa na soli mpya ya Bombei, bora kuliko zilivyotoka. Alizigeuza akasema, "Kwa hiyo ulifika mbali kuliko Matrah." Chupa ya Hamedi ilipasuka kioo cha ndani pale lori liliporuka shimo, nami nikamletea mpya, na ile ya zamani pia, maana nilijua ataitaka aizike. Ami Mbarak alilipokea koti lake, kisha akalitia puani. Tangu siku hiyo halivai. Limetundikwa barazani, na nimeona kwamba kahawa ikizunguka, watu hawakai chini yake.

Udi sikuurudisha. Mwenye eda hajitii manukato, kwa hiyo vijaluba vyote viwili vilikaa kwangu, kimoja kimejaa na kimoja kitupu, mpaka siku ile ya Zuhura kuoga na kuvua nguo nyeupe.

Nilifika Sidab jua limepanda. Nyumba imefungwa mlango, ndani kimya. Nilisimama kizingitini na vijaluba mkononi.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi!"

Kimya. Mchana ule, na joto lile la Sidab, na mimi mtu niliyefika nilikofika, nilisikia baridi ikinipanda miguuni. 

"Hodi, Zuhura!"

"Karibu, kaka! Karibu, nilikuwa naoga!"

Nikaingia. Alikuwa amekaa kitako, macho yana wanja, nywele zinatona maji. Nikamwekea vijaluba mbele yake. Alichukua kile kilichojaa, akavunja kipande cha udi akakitia kwenye kaa la moto, na moshi ukapanda ukajaa chumba. Kile kitupu alikishika kwa muda, akakifunga, akanirudishia mkononi mwangu.

"Hiki chukua wewe," alisema. "Hiki sikukuazima, nakupa."

Na hivyo ndivyo, enyi mliosema sifiki, siku hiyo nilipotoka Sidab sikuwa na kitu cha mtu.